Mpeleke mtoto zizini, akajue bei ya lita inatoka wapi

Utangamano wa kanda hii tumezoea kuupima kwa malori, ushuru na mihuri. Tunahesabu magari yanayovuka, tunalalamikia foleni, tunashangilia tozo inapopunguzwa. Leo naomba tutumie kipimo kingine, kidogo zaidi. Je, mtoto wa mfanyabiashara wa mpakani amewahi kusimama ndani ya zizi ambalo mama yake hununua maziwa, au banda ambalo baba yake huchukua kuku wa kupeleka ng'ambo?

Kwa wengi jibu ni hapana. Mtoto anajua ndoo ya maziwa, trei la mayai na tenga la kuku. Anajua saa ambayo mama huondoka na saa ambayo hurudi amechoka. Anachojua kuhusu mnyama ni kwamba ni mzigo.

Naandika haya nikiifikiria Nkombo, kisiwa cha wilaya ya Rusizi katika Ziwa Kivu. Wenyeji wake wanazungumza Kihavu, lugha wanayoelewana kwayo na ndugu zao wa Ijwi, kisiwa kikubwa kilicho upande wa Kongo. Wanaishi kwa uvuvi wa sambaza, kwa vipande vidogo vya shamba kwenye miteremko, na kwa biashara ya Kamembe na Bukavu. Hata huyo sambaza si mwenyeji wa asili. Alipandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950 akitolewa Ziwa Tanganyika, na leo analisha watu wa pande zote mbili. Kwa hiyo Nkombo haihitaji mhadhara kuhusu faida ya kuvuka. Inachokosa, kama zinavyokosa familia nyingi za wachuuzi kuanzia Rusumo hadi Busia, ni siku ya kuvuka na watoto bila mzigo kichwani.

Hoja yangu ni hii: safari ya familia ya siku moja kwenda shamba la mifugo linalofanya kazi ni sehemu ya biashara yetu, na tuipange kwa uzito uleule tunaopanga safari ya sokoni. Nasema shamba linalofanya kazi kwa makusudi. Sizungumzii bustani ya wanyama wala maonyesho.

Maonyesho tunayo, na ni mazuri. Tanzania ina Nane Nane, ambapo kila Agosti familia hupita kwenye mabanda ya mifugo. Kenya ina maonyesho ya Chama cha Kilimo katika miji yake mikubwa. Kigali nayo ina maonyesho ya kilimo ya kila mwaka. Lakini ng'ombe wa maonyesho ameogeshwa, amepigwa brashi, na aliye mbele yake amejiandaa kusema mazuri tu. Mtoto anaondoka akijua kuwa ng'ombe ni mkubwa. Hajui kuwa ng'ombe ni kazi.

Zizini kuna hesabu. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 anahitaji takribani kilo 40 za majani mabichi kwa siku. Anakunywa makumi ya lita za maji, na maji hayo katika milima yetu mara nyingi hupandishwa kwa madumu. Rwanda ardhi ni finyu, kwa hiyo ng'ombe wengi hufugwa ndani: mnyama hatoki kwenda kutafuta malisho, malisho ndiyo yanayomfuata. Kuna mtu anayekata matete alfajiri, anayafunga mzigo, anayabeba, anayakatakata. Jioni anarudia. Mtoto akiuinua mzigo mmoja tu wa matete kwa mikono yake, ataacha kuuliza kwa nini maziwa yamepanda bei.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme ng'ombe anatoa lita kumi kwa siku. Ndama anapewa mbili, nyumba inabakiza mbili, zinabaki sita za kuuza. Humo zitoke pumba, chumvi ya mifugo, dawa ya kupe, daktari wa mifugo na ujira wa mkata majani. Na kabla ya kuanza kutoa lita hizo kumi, ng'ombe huyo alibeba mimba miezi tisa, na siku za kwanza baada ya kuzaa maziwa yake yalikuwa dang'a ya ndama, si ya soko. Mtoto wa mfanyabiashara aliyefika darasa la tano anaweza kuifanya hesabu hiyo kwenye daftari akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Somo hilo halipatikani darajani.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani linatuhusu sisi wazazi kuliko watoto. Ng'ombe hajui kama mpaka umefungwa. Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, wachuuzi walibaki nyumbani lakini viwele vilijaa asubuhi na jioni kama kawaida. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulipofungwa Februari 2019, na haukufunguliwa tena mpaka Januari 2022, wanyama waliendelea kula. Mfanyabiashara anaweza kusimamisha biashara yake wiki mbili. Mfugaji hawezi kusimamisha ng'ombe. Ndiyo maana mfugaji hukasirika tunapochukua mali kauli na kurudi na maelezo badala ya pesa. Tunadhani ana roho ngumu, kumbe ana mdomo wa kulisha usiojua maelezo. Anayeliona hilo mara moja zizini, akiwa na mtoto wake pembeni, hujadiliana bei kwa namna nyingine wiki inayofuata.

Na kuna suala la kuaminiana. Masoko ya mpakani yamejaa uvumi: kuku wa upande ule wamekuzwa kwa dawa, maziwa ya upande huu yametiwa maji, mayai ya kule ni ya zamani. Baadhi ya uvumi una ukweli ndani yake, mwingi hauna. Serikali nazo zimewahi kugombana kwa bidhaa hizihizi. Januari 2021 Kenya ilizuia kuku na mayai kutoka Uganda, na walioumia kwanza ni wafugaji na wachuuzi wadogo. Vipimo vya maabara ni vya lazima, sibishani. Lakini familia ya Bukavu iliyokwenda kuona banda la kuku la Rusizi, ikaona chakula kinachomiminwa na rekodi ya chanjo iliyobandikwa ukutani, haitayumbishwa kirahisi na maneno ya sokoni. Na mfugaji anayejua kuwa wateja huja na watoto wao kuangalia, atasafisha banda hata siku ambayo hakuna anayekuja.

Najua mtakayoniambia. La kwanza: siku moja bila kuuza ni hasara. Ni kweli, kwa anayekula alichouza jana siku moja ni nyingi. Lakini tayari tuna siku ambazo hatuuzi: harusi, misiba, siku ambayo mpaka una shida. Ziwani, uvuvi wa sambaza husimamishwa kila mwaka kwa takribani miezi miwili ili samaki wazaliane, na kipindi hicho mara nyingi husogeleana na likizo ndefu ya shule. Nyavu zimeanikwa, watoto wako nyumbani. Siku ipo, kinachokosekana ni mpango.

La pili: mtoto wa kisiwani anaona mbuzi kila siku, kuna nini kipya? Mbuzi aliyefungwa kamba nyuma ya nyumba ni akiba ya ada ya shule, na hilo ni jambo la heshima. Lakini shamba linaloendeshwa kibiashara ni kitu kingine: kuna kumbukumbu za kila mnyama, ratiba ya chanjo, uhimilishaji, kupima maziwa kabla ya kuyapokea, samadi inayorudi shambani. Mtoto anayekulia kwenye kipande kidogo cha ardhi anahitaji kuona jinsi kipande kidogo kinavyoweza kulipa. Huenda huyo ndiye atakayerudi Nkombo kufuga sungura, ambaye mimba yake ni mwezi mmoja tu, badala ya kusubiri kurithi ardhi ambayo haipo.

La tatu ni zito zaidi: magonjwa. Hapa sina mzaha. Mwaka 2022 Rwanda ilipata mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa unaotoka kwa mifugo kwenda kwa binadamu. Ugonjwa wa miguu na midomo nao umekuwa ukifunga masoko ya ng'ombe mara kwa mara katika nchi zetu. Kwa hiyo anayetaka kwenda aulize kwanza kwa afisa mifugo wa eneo kama kuna karantini. Ikiwapo, safari inaahirishwa bila mjadala. Isipokuwapo, masharti ni machache na hayagharimu chochote zaidi ya sabuni.

Viatu vioshwe kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Anayefuga kuku nyumbani asiingie banda la mwingine na viatu anavyovaa kwake. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni kila baada ya kugusa mnyama. Ile dawa ya kupaka mkononi haitoshi palipo na samadi. Chakula kiliwe mbali na zizi, baada ya kunawa, na watoto wadogo waangaliwe wasitie vidole mdomoni, kwa sababu walio chini ya miaka mitano ndio vijidudu vya kinyesi huwaumiza zaidi. Mama mjamzito asikae karibu na mbuzi, kondoo au ng'ombe anayezaa au aliyetoka kuzaa. Maziwa yachemshwe, hata kama mwenyeji wenu anakunywa mabichi na kucheka. Na mtu asirudi na kifaranga mfukoni au nyama kwenye mkoba kuvuka mpaka bila kibali cha mifugo, kwa kuwa mzaha huo ndio unaotufungia soko sote.

Sasa mpango wenyewe. Familia ya Nkombo haina haja ya kwenda mbali. Ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu wako Nyanza kwenye jumba la makumbusho ya wafalme, ni fahari kuwaona, lakini safari hiyo inapita msitu wa Nyungwe na haitoshi siku moja kwa mtu aliyeanza na mtumbwi. Mfugaji unayemhitaji yupo kwenye vilima vya Rusizi, nyuma ya Kamembe, na huenda ni yuleyule unayenunua kwake.

Mwendee wiki moja kabla, mzungumze kama watu wazima. Mwambie mtakuwa wangapi, watoto wa umri gani, na muulize saa ipi inamfaa. Ukamuaji wa asubuhi ni mapema mno kwa anayetoka kisiwani, kwa hiyo fikeni saa nne mkute kukata na kulisha majani, na mkiweza kubaki hadi alasiri mwone ukamuaji wa pili. Lakini hesabuni saa za kurudi kwa kuanzia kwenye maji: upepo ziwani huongezeka mchana, na giza si la kusafirisha watoto. Kama saa hazitoshi, acheni ukamuaji. Kila mtoto avae jaketi la kuokoa maisha, na chombo kisipakie kupita kiasi hata kama nahodha ni shemeji yako. Msipange Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa sababu asubuhi yake ni ya Umuganda.

Gharama ziandikwe mistari minne: chombo cha majini, usafiri wa nchi kavu, chakula, na malipo ya mfugaji. Huo mstari wa nne ndio tunaopenda kuusahau. Tunasema ni rafiki yetu, atatukaribisha tu. Atatukaribisha, ndiyo, na atapoteza nusu siku ya kazi akijibu maswali ya watoto saba. Alipwe. Familia tatu zikichanga pamoja, mzigo unakuwa mwepesi na mfugaji anapata pesa ambayo haitegemei bei ya maziwa. Italia ilitunga sheria ya utalii wa mashambani mwaka 1985 ili mkulima apate kipato cha pili bila kuacha kilimo. Uingereza, tangu 2006, mashamba hufungua milango Jumapili moja kila Juni ili watu wa mjini wakaone chakula chao kinakotoka. Sisi tuna wageni tayari, wanapita mlangoni kila siku na ndoo.

Hapa kwetu pia kuna msingi ambao wenzetu wa Ulaya hawana. Mpango wa Girinka, ulioanza 2006, umezipa familia maskini za Rwanda mamia ya maelfu ya ng'ombe, kwa sharti kwamba mtamba wa kwanza anayezaliwa apewe jirani. Maana yake ni kwamba zizi la jirani lina historia ya kusimulia: nani alimpa nani, na nani anayefuata. Mtoto wa mfanyabiashara, anayeona kila kitu kikiuzwa, anapaswa kusikia pia habari ya ng'ombe aliyepewa mtu na akapitishwa mbele.

Kwa familia za ng'ambo mambo ni magumu zaidi, na hapa nageukia wenye mamlaka. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010 na inazungumzia watu huru kusafiri, si bidhaa peke yake. Tangu 2014 Mnyarwanda anaingia Kenya na Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022. Lakini mama wa Bukavu bado anavuka kwa kikaratasi cha mpakani tunachokiita jetoni, na akitaka kuvuka na watoto wanne kwa siku moja tu, anaanza kuuliza huku na huku nani wa kumwelekeza. Hali ya usalama ya mashariki mwa Kongo tunaijua sote, na hakuna anayeomba milango iachwe wazi bila ulinzi. Tunachoomba ni utaratibu ulioandikwa na kubandikwa ukutani, kwa lugha ambayo mama huyo anaisoma: orodha ya watoto, kibali cha wazazi, jina la anayewaongoza, shamba wanalokwenda, saa ya kurudi. Shule na vyama vya ushirika vingeweza kuomba kwa pamoja.

Vyama vya ushirika vya wafugaji na vya wafanyabiashara wa mpakani visisubiri serikali kwa lile linalowezekana sasa. Waandike orodha ya wafugaji walio tayari kupokea familia, wakubaliane bei moja ya haki, waombe afisa mifugo awape masharti kwenye karatasi moja. Kenya ilifufua vilabu vya 4K shuleni mwaka 2021 kwa kuona kwamba watoto wamejitenga na kilimo. Sisi wa mpakani hatuhitaji kufufua kitu. Tunahitaji kuunganisha watu ambao tayari wanafahamiana kwa majina na wanadaiana pesa.

Huko Karongi, kwenye ziwa hilihili, wafugaji huwaogelesha ng'ombe hadi visiwani wakale majani, kisha huwarudisha. Ng'ombe wanavuka maji wakiifuata riziki yao, na mwenyewe yuko nao. Watoto wetu wanakula kutokana na wanyama ambao hawajawahi kuwaona, wakilelewa na wazazi ambao daima wako njiani. Likizo ijayo, kabla ya kupanga mzigo, panga siku hiyo moja. Mwache mtoto abebe matete, aulize bei, asikie mfugaji akitaja deni lako mbele yake kama lipo. Atakuwa mfanyabiashara bora kuliko wewe, na pengine mtalipana haraka zaidi.